Nimeng'oka Kichwa kwenye Sinema, Sasa Dada Hanisemeshi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini usianze kunihurumia, mimi si mtu wa kuhurumiwa, nimelea watoto nikalea na wajukuu, shule niliiacha mapema na bado hakuna muuza duka aliyewahi kunidanganya kwenye mizani. Ninachotaka ni wewe mwenye gazeti umwambie dada yangu amekosea, maana mimi hanisikilizi.

Mjukuu wangu wa kike ni msusi, ana saluni hapa mtaani, na yeye na wenzake wamepata wazimu wa kutengeneza sinema kwa simu, zile za kutisha na kuchekesha pamoja, mtu anakatwa vipande huku watazamaji wanashika mbavu. Wakakosa kikongwe wa kuwachezea, wakaja kunibembeleza, bibi wewe una mdomo, bibi kamera itakupenda, nikaona sawa, kuliko kushinda nachambua mchele. Nikawa mteja mkorofi, kila msuko naukosoa, mpaka msusi anapandwa na hasira anazifunga nywele zangu kwenye feni ya dari na kuiwasha, kichwa kinang'oka, damu inaruka mpaka kwenye vioo, kisha kichwa kinatua juu ya rafu katikati ya makopo ya mafuta, na hapo ndipo penyewe, mshauri, kichwa hakifi, kinafumbua macho na kusema, "Na hapa mbele umenibana, fumua uanze upya."

Damu ni shira ya sukari iliyotiwa rangi ya keki, matumbo yanayoning'inia shingoni ni soksi ndefu zilizojazwa matambara, na mimi nilikaa chini ya rafu waliyoitoboa tundu, kichwa tu kimechomoza, goti linaniuma, na maneno yangu niliyasema bila kukosea.

Siku ya kuonyesha, mchana, tuliziba madirisha ya saluni kwa mablanketi tukatundika shuka ukutani, mtaa ukajaa. Nusu walicheka mpaka wakalia, nusu wakatoka wanalaani, na hao waliotoka ndio wanaonichefua. Muuza nyama, mtu anayeshinda na shoka mkononi, alitoka ameziba macho kama mtoto anayeogopa sindano. Mwalimu mstaafu akasema huu ni uozo, halafu nikamwona anachungulia kwenye upenyo wa blanketi. Hawajui kitu hao. Damu ya kidole ndiyo ya kuogopa. Damu ya ndoo mbili inayomwagika mpaka kwenye pua ya msusi, hiyo ukiiogopa una lako jambo.

Sasa dada yangu mkubwa. Tumebaki wawili katika watoto wa mama yetu, tunakaa nyumba moja, jiko moja, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilimwambia tu njoo unione kwenye sinema, sikumwambia kinachotokea, ningeharibu utamu. Mimi nilikaa mbele kwenye viti vya wenye sinema, yeye nyuma kwenye benchi na macho yake yale yenye mtoto wa jicho. Kichwa kilipotua kwenye rafu nikasikia vurugu, kumbe ni yeye, anapita katikati ya watu anawakanyaga miguu, akafika kwenye shuka, akavua kitambaa chake cha kichwani akaanza kuufuta uso wangu, anaufuta na kuufuta, kivuli chake kimeziba pale pazuri pote. Watu wakaanguka kwa kicheko, wakadhani ni sehemu ya mchezo, na mimi nikacheka, mtu afanyeje.

Tangu hapo anapika sufuria yake peke yake na salamu yangu anaijibu kwa kufunga mlango. Nilipomwambia ananitia aibu kwa ushamba wake, akasema, "Wewe umeshakufa, nimekuona." Sasa mjukuu anataka sehemu ya pili, kichwa kinarudi kulipiza kisasi, na dada amefunga mizigo, anasema nikikubali anahamia kwa mwanawe na nisimfuate. Mwambie aache utoto.

Ni mimi,
Kichwa cha Juu ya Rafu

*

Bibi Kichwa,

Shikamoo kwanza, maana yanayofuata hayana adabu nyingi.

Makofi uliyokuja kuyatafuta chukua: nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaniangalia vibaya. Muuza nyama na mwalimu waache, kila mtu na tumbo lake. Anayezipenda sinema za namna hiyo si mgonjwa, na asiyeziweza si mjinga. Umewasimanga wote hao ili usifike haraka kwa dada yako.

Mtu haoni vizuri, hakuambiwa kitu, anamwona mdogo wake kichwa kiko rafuni kinachuruzika damu na bado kinaongea, na kila aliye karibu naye anacheka. Nyinyi mliona ndoo mbili za shira. Yeye aliona uso aliokuwa akiufuta makamasi. Humo ndani mlijaa mtaa mzima, akainuka mmoja tu kwa ajili yako, na huyo ndiye unayemwita mshamba. Hakuja kukuzibia picha, bibi. Alikuja kukuchukua. Na wewe ulikuwa mzima, umekaa hatua chache kutoka alipo, ungeweza kusimama ukasema dada niko hapa. Ukakaa, ukacheka na wenzako. Kinachomfungisha mizigo ni hicho, wala si damu.

Kwa hiyo usinitume kwake. Mwambie mjukuu wako sehemu ya pili isubiri, kichwa kilichong'oka hakina haraka. Kesho asubuhi mwombe dada yako akusindikize saluni. Akikataa, mwombe tena, bila kejeli, kama hilo unaliweza. Watu wote watoke, abaki mjukuu, na hayo mablanketi yaondolewe dirishani, mwanga uingie. Mkalishe kwenye kiti mbele ya rafu, aionje shira kwa kidole, azishike soksi na matambara yake. Kisha uingie chini ya rafu na goti lako hilo, uchomoze kichwa tunduni, ukirudishe, utoke, usimame mbele yake mzima kuanzia juu mpaka chini. Akitaka uingie tena, ingia tena, mpaka aridhike.

Halafu sehemu ya pili mwulize yeye. Akisema hapana, basi ni hapana, mjukuu atafute kichwa kingine.

Mwisho kabisa, mjukuu akupake shira kidogo shavuni, na dada apewe kitambaa. Akianza kukufuta, usimkosoe na usimchekeshe, hata akikukwaruza. Funga mdomo wako huo mpaka amalize.