Mkono Uliokuwa Unavuma

Musonoi, Kolwezi

Kwako Yaya Henriette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo Musumba. Natumaini mgongo wako umepoa na mihogo imetoka vizuri. Huku tungali hai. Mimi nimechoka tu, Yaya, uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu Mama anakaa karibu kusikiliza, na haya si ya kusikiwa naye.

Unakumbuka daktari alinipasua mkono wa kushoto, akaunganisha mishipa ili sindano za mashine ya kusafisha damu zipate njia. Tangu hapo mkono ulikuwa unavuma, ukiuweka sikioni unasikia kama mashine ya kusaga unga iliyo mbali. Daktari alisema mvumo ule ndio uzima wangu. Kwenye chumba cha maombi walimwambia Mama ni nyoka amelala ndani. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Wiki iliyopita nilitoka kwenye mashine nikapanda pikipiki kurudi nyumbani. Huwa wanatutia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, isigande ndani ya mipira ya mashine. Basi mashimo ya barabara yakafungua tundu la sindano, damu ikawa haikomi. Nilipofika nyumbani, Mama akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga kwa nguvu zake zote. Damu ikakoma, nikasinzia kitini kwa uchovu. Nilipoamka nikauweka mkono sikioni. Kimya.

Hospitalini waliniambia mshipa umebanwa mno, damu imeganda, njia imekufa. Ingetosha kubonyeza taratibu kwa kidole. Sasa nina mpira shingoni, na karibuni watanipasua mkono wa kulia. Baada ya huo, sina mwingine.

Yaya, Mama hajui. Nilimwambia mashine ndiyo iliyoharibu njia; yeye akashika moja tu, kwamba mkono hauvumi tena. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda: "Nyoka ilitoka mu mukono ya mutoto yangu. Ni mi nilimufunga na kitambala, Mungu akasikia." Watu wakapiga makofi. Nikaitwa mbele, nami nikauinua ule mkono uliokufa ili wauone.

Nilishindwa kumwambia. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu niugue. Lakini huu wa kulia nao utavuma, Mama atausikia, na safari hii hatangoja damu itoke ndipo afunge. Njoo umwambie wewe, Yaya. Mimi namwogopa mama yangu, na ninampenda.

Wabusu watoto, mpe shemeji mkono wangu.

Mdogo wako,
Hénock