Safari ya Tatu Kilosa, Kudai Matunzo ya Mwanaidi

Jumanne, Mikumi. Manyunyu tangu asubuhi. Naandika nikiwa na hasira.

Leo nilikuwa tena Kilosa, ofisi ya ustawi wa jamii, kudai matunzo ya binti yangu Mwanaidi. Baba yake, Athumani, analima miwa Kidodi. Tulipoachana alikuwa akitoa kila mwezi bila kusukumwa. Nilipoolewa na Shabani, akakata.

Ndivyo nilivyojua mimi.

Mara mbili aliitwa kwa barua, asitokee. Barua zote alizipeleka Shabani, maana hupita Kidodi na vipuri vyake vya malori. Safari hii ofisa, mama mmoja wa makamo, alimpigia Athumani mwenyewe. Sikuona haja ya kumwambia Shabani.

Athumani akaja. Akamwamkia ofisa kwa adabu, mimi akanisalimia akitazama sakafu. Nikasema moyoni, leo utanitambua. Nikamwaga yote: sare, viatu, na mtoto alivyoacha kabisa kumuulizia baba yake.

Hakubisha. Alimpa ofisa simu yake. Ofisa akasoma, akanipa na mimi nisome.

Huku kwetu mke wa mtu hapigiwi simu ovyo, sembuse na mtalaka wake. Kwa hiyo nilipoolewa, Athumani alianza kutuma hela kwenye simu ya Shabani. Alituma miezi miwili. Zote zilirudishwa, na ujumbe juu yake: "Bwana, usitume tena. Mama Mwanaidi ni mke wangu na mtoto anakula kwangu. Tuache."

"Nilidhani na wewe umeridhia, Mama Mwanaidi," Athumani alisema. "Na barua sijaona hata moja."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Shabani ndiye aliyenipa nauli safari zote tatu. Hata leo, akinikabidhi hela mlangoni, aliniambia, "Usichoke kumfuatilia, yule hana utu." Akanitazama usoni kabisa.

Angezila hizo hela ningejua nimeolewa na mwizi, basi. Hakula hata shilingi. Alitaka tu awe baba peke yake, hata kama ni kwa kumfanya mtoto aamini ametupwa. Mwezi uliopita Mwanaidi alifuta jina la baba yake kwenye madaftari, akaandika la Shabani. Siku hiyo Shabani alitununulia soda nyumba nzima. Mimi nilikunywa yangu na machozi ya furaha, mjinga mimi.

Na bado nampenda. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Yuko sebuleni anasubiri nimsimulie ya Kilosa. Nimemwambia kichwa kinauma, na si uongo. Zamu yake itafika leo hii hii, wala sitapiga kelele.

Lakini nitaanza na Mwanaidi. Namsikia uani anafua sare. Ana miaka kumi na miwili, anaelewa kila kitu, na sijui nitaanzia wapi.

Barua alizificha Shabani. Aliyemwambia mtoto kwamba baba yake hamtaki ni mimi.