Kibanio cha Kumi na Mbili

Nyumbani, nyumba ya mwisho nyuma ya ghala la mbao,
Jumapili, tarehe 12, mwezi wa saba.

Mpendwa mwanangu Spana,

Hujambo baba? Kifua kinakusumbua bado, au hewa ya huko imekukubali? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, niandikie unakula nini. Mimi sijambo, ila magoti, na magoti yangu unayajua. Dada yako hajambo, watoto wake wanarefuka kama wamewekewa mbolea. Nisamehe mwandiko. Barua hii nimeianza Alhamisi, naandika, nafuta, na leo nimeamua sifuti tena.

Huku ni baridi. Asubuhi kioo cha gari kinakuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Ndiyo, gari bado lipo, pale pale uani chini ya bati. Najua hutaki litajwe. Dada yako akikupigia simu namkonyeza asilitaje. Leo nalitaja mimi mama yako, na wewe utasoma mpaka mwisho, nakuomba.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu tumzike baba yako, miaka miwili hii, kila alfajiri nikiwa jikoni namsikia akiliwasha. Sio ndoto, maana maji nimeshayaweka motoni. Namsikia akikanyaga mafuta mara tatu, kisha injini inashika, inatetemeka, inazima. Inashika, inatetemeka, inazima. Natoka na mwiko mkononi, nakuta gari limenyamaza, kioo cheupe, hakuna mtu.

Tena kuna doa. Nikianua shuka zangu nyeupe, nakuta alama nyeusi ya mafuta ya gari, ndogo, kama kidole gumba. Nafua, linatoka. Wiki nyingine liko kwenye foronya. Nikasema basi, mzee hajaondoka, bado anazungukazunguka humu na mikono yake michafu. Niliogopa. Na Mungu anisamehe, nilifurahi pia.

Dada yako akaona nakonda. Akasema, "Mama, hilo gari linakumaliza, liondoke." Akatafuta mtu wa vyuma chakavu. Nikamwambia sawa, lakini huyu mke mwenzangu (unakumbuka nilivyokuwa nikiliita, kwa jinsi baba yako alivyolipenda) hatatoka hapa akiburutwa kwa kamba. Atatoka kwa miguu yake. Ndipo nikamwita Fundi Polepole, yule anayekunywa chai kwanza ndipo aulize gari linaumwa nini.

Alikuja Jumatatu mchana na betri yake. Gari likawaka, likanguruma vizuri tu, nikakaa juu ya ndoo kwa kutoamini. Kumbe kulikuwa na jua. Jumanne akaja asubuhi na baridi yake, likashika, likatetemeka, likazima, vile vile kama asubuhi ile ya baba yako.

Akafungua kabureta. Nilisimama pale pale nisiondoke, maana wewe ndiye uliyeisafisha, siku moja kabla baba yako hajaugua. Najua kwa nini umeacha ufundi unapanga maboksi ghalani huko uliko. Hukuniambia, lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Baba yako alipobanwa kifua ukawasha, ukawasha, mpaka betri ikafa, mpaka jirani mchomeleaji akaja na pikapu yake, na mzee akatuacha kabla hatujafika hospitali. Ukajiambia ni mkono wako. Siku nane baada ya mazishi ukafunga begi.

Sasa sikia. Fundi aliigeuza ile kabureta, akaipuliza, akaniuliza, "Mama, nani alisafisha hii?" Akasema, "Huyo ni fundi kuliko mimi, usimwambie nimesema. Hapa hakuna kosa, hata sailensa ameipima sawasawa." Wewe sailensa unaijua. Mimi alinieleza ni ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama.

Kisha akaketi kwenye usukani, akavuta choki, kile kitufe cha kuipa injini petroli zaidi ikiwa ya baridi. Akaachia mkono. Mwanangu, nilikiona kwa macho yangu kikirudi ndani chenyewe, taratibu, kama ulimi wa mtoto. Akakivuta, kikarudi. Akasema, "Kimelika. Mzee alikuwa anakishikiza na nini?"

Nikageuka nikatazama kamba ya nguo.

Ile siku uliyosafisha kabureta, mimi nilipanguza gari ndani. Mbele ya usukani nikakuta kibanio cha nguo, cha mbao. Nikasema huyu mzee naye, mimi nahangaika na vibanio kumi na kimoja, soksi zinapeperuka mpaka kwa majirani, kumbe cha kumi na mbili kiko huku. Nikakichukua. Sikumuuliza. Yeye alikuwa akiliwasha peke yake, wewe umelala, mimi jikoni. Wewe ungejuaje?

Na sasa hili ndilo linalonikaba. Unakumbuka kiti cha nyuma cha gari letu, wewe mbele unawasha, mimi nimempakata kichwa, hawezi kusema? Alikuwa anainua mkono. Kidole gumba na cha shahada anavibana, anaviachia. Anavibana, anaviachia. Nikadhani ananitafuta. Nikaushika ule mkono, nikaufumba ndani ya wangu, nikamwambia tulia mume wangu, tulia. Alikuwa anatuonyesha, Spana. Mimi nikaufumba.

Kwa hiyo sio wewe. Soma mara mbili: sio wewe. Kama kufika mapema kungemponya, sijui. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza. Lakini kama kuna mkono uliolichelewesha lile gari, ni huu unaoandika. Nimeshaubeba mzigo huo, ni mzito, ila ni wangu. Wewe utue.

Kibanio nilikikuta kwenye kamba kimebana shuka. Ubavuni kina mafuta, mahali gumba la baba yako lilipokaa miaka yote ile. Jumatano asubuhi nilikibana mwenyewe kwenye choki. Nikakanyaga mara tatu. Injini ikashika, ikatetemeka, nikafumba macho, ikatulia. Iliunguruma mpaka kioo kikakauka. Tangu siku hiyo, nikiwa jikoni alfajiri, simsikii tena. Nilidhani nitapumua. Kimya hiki, mwanangu, kinanitisha zaidi.

Mtu wa vyuma nimemrudisha. Na hicho kibanio kimo ndani ya bahasha hii, kitafute chini. Dada yako anacheka, anasema chochote kati ya vile kumi na kimoja kitafaa. Kamwe. Hakuna kingine kitakachogusa choki ile. Gari halitawaka asubuhi mpaka ukilete wewe, kwa mkono wako.

Dada yako anakusalimu, na wanawe, na jirani mchomeleaji, ambaye mpaka leo akipita hapa na pikapu anapunguza mwendo. Fundi Polepole anauliza ulitumia nini kusafishia ile kabureta. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Mungu akutangulie utokapo, na akufungulie mlango urudipo.

Mimi nikupendaye vile vile, jana na leo,
Mama yako.

Kile kibanio usikioshe. Liache lile doa.