Aliyegeuza Helikopta

Mikinduri, 12 Februari 2024

Kwa ndugu Kaburu,

Salamu. Umenifungia simu, kwa hivyo naandika. Natumai u mzima na sauti yako ya kuimbia haijakauka. Mimi nilikuwa mzima mpaka Jumapili, nilipokuona kwenye televisheni hapa buchani kwangu, wateja wakikupigia makofi. Eti vitani Somalia mwaka 2012 uligeuza helikopta ukarudi kwenye risasi kuwachukua majeruhi? Kaburu! Aliyegeuza ni Gichovi, rubani mwenzako. Wewe uliachilia usukani ukajishika kichwa. Gichovi akapigwa risasi, akatufikisha kambini, akafia kitini. Mama yake, Ciakuthii, yuko Majimbo hapo Embu, na televisheni anayo.

Sema ukweli.

Ndugu yako,
Rahim


Meru, 20 Februari 2024

Rahim,

Sijambo, na usijifanye unajali. Ulikuwa fundi, ulikaa nyuma. Uliona nini wewe? Nimeimba miaka kumi, najulikana kutoka Kianjai hadi Mombasa, na leo mchinja mbuzi anataka kunifundisha vita vyangu! Gichovi alikufa. Maiti haiombi sifa. Wewe kata nyama, jina langu uliache.

Si ndugu yako,
Kaburu


Mikinduri, 1 Machi 2024

Kaburu,

Mchinja mbuzi hajambo. Ni kweli nilikaa nyuma, lakini nilivaa hedifoni kama nyinyi. Nilikusikia: "Twende, hao wameshakufa." Gichovi akakujibu, "Kuna mmoja anapunga mkono." Basi hao wafu wako walikuwa sita, na wanne wako hai mpaka leo. Nakupa hadi Pasaka. Usiposema, nitasimama nao mbele ya mashabiki wako.

Rahim


Embu, 2 Aprili 2024

Rahim,

Hali yako siulizi. Jumamosi nilienda Majimbo kumwomba mama Gichovi akukane kabla hujafungua mdomo. Nilibeba sukari na unga kama mtu anayeenda kuposa. Akanipa uji. Akasema, "Nyimbo zako huwa nazisikiliza, kwa sababu uliruka na mwanangu." Kisha akataka kujua Gichovi alisema nini mwisho.

Nilikuwa na uongo tayari. Nikajikuta namwambia, "Alisema kuna mmoja anapunga mkono." Na mengine yote yakafuata.

Hakulia. Alininyang'anya kikombe kabla sijamaliza, akamwaga uji nje.

"Miaka kumi na miwili umevaa nguo ya mtoto wangu," akasema. "Ivue, halafu utoke."

Siku ya Pasaka nilisema ukweli redioni. Tamasha zangu zote zimefutwa. Furahi.

Lakini siku ile Majimbo, nikiwa mlangoni natoka, aliniita. "Na huyo Rahim, aliyesikia yote? Mikinduri si ng'ambo. Mbona miaka hii yote hakuja kuniambia?"

Nilimwambia hilo si langu kujibu.

Usiniandikie tena. Panda gari uende Majimbo. Amekaa anakungoja.

Kaburu