Macho Juu ni Ndiyo

Alhamisi, 9 Mei 2024. Kasongo

Wanafunzi wa uuguzi wamefika, Arlette na Hervé. Mwaka huu shule yao inawatuma kwenye familia zenye watoto walemavu: mzazi anafundisha, wao wanaandika. Kwetu mwalimu ni binti yangu Aziza. Mimi, niliyefundisha kijijini Wamaza miaka ishirini, nimepewa kiti pembeni.

Hervé aliinama kumwinua mjukuu wangu Soraya — miaka tisa, viungo vimekakamaa, hasemi. Aziza akamdaka mkono!

"Weye dokta, huyu si mufuko ya muhogo. Muulize kwanza."

"Atajibu namna gani, Mama Soraya?"

"Macho juu, ni ndiyo. Akifunga macho, hapana. Uliza, halafu hesabu mupaka kumi. Usijibu kwa nafasi yake."

Hervé aliuliza, akahesabu. Kwenye saba macho ya Soraya yalipanda hadi kwenye mabati. Wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Ijumaa, 10 Mei

Sikukaa msikitini baada ya swala. Macho yale nimeyaona zamani.

Djamali, kaka yake Aziza. Alikuwa kama Soraya. Miaka kumi na moja.

Wamaza, 1999, asubuhi vita vilipotufikia. Majirani walikuwa wameshaingia njiani. Nilimwuliza, "Tunakimbia. Utakuja nasi?" Akatazama majani ya paa. Nikasema: hataki, hata uso wangu hataki kuuona. Mama mkwe, ambaye miguu ilikuwa imemwisha, akasema tumwachie mtoto — siku tatu tu. Nilimbeba Aziza mgongoni.

Nilirudi baada ya miezi minne. Majani yalikuwa yamemea hadi mlangoni. Ndani, hakuna mtu. Hakuna kaburi.

Nyumbani tumesema sikuzote: Djamali alikataa.

Darasani hata mvivu nilimpa muda wa kufikiri.

Jumatatu, 13 Mei

Nimesoma kitabu changu cha Kifaransa, kile cha magonjwa. Kinasema watoto wa namna hii macho yao huweza kupanda yenyewe, bila kutaka. Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Nilipumua kidogo.

Jumanne, 14 Mei

Aziza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwuliza alama ile ya macho aliipata wapi, hospitalini?

Akacheka. "Hospitali gani, Baba? Kwa Djamali! Nilikuwa namuuliza: ugali ao ndizi? Maneno yetu ya watoto. Mulikuwa hamujui?"

Akaendelea kutwanga. Alikuwa na miaka sita, na alijua.

Jumatano, 15 Mei

Siku ile ya kukimbia, baiskeli ilikuwepo. Juu yake nilifunga sanduku la vitabu vya shule. Sentensi hii sijawahi kuiandika.

Alhamisi, 16 Mei

Wamerudi. Soraya ametangulia kumcheka Hervé, maana leo ameuliza kabla hata ya kusalimu. Kisha Arlette akafungua daftari: katika familia, kulikuwa na mwingine wa hivi?

"Kaka yangu," Aziza akasema. "Wakati wa vita alikataa kukimbia. Baba ndiye alimuuliza. Baba, waelezee: alikataa namna gani? Alifunga macho?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mwalimu, ili wanafunzi waelewe. Lakini nilipokawia alinitazama — na akaacha kutabasamu.

Nimesema naingia kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Nimeketi chumbani juu ya sanduku lile, naandika. Nikisema hapana, hakufunga, nitampoteza na huyu binti. Nikisema ndiyo, wataandika uongo wangu na kwenda nao kwa watoto wa watu.

Nyuma ya pazia Hervé ananong'ona: mzee amekasirika?

"Hapana," anasema Aziza. Sauti yake haichezi. "Musimujibie. Mumupe kumi."

Wanahesabu, polepole, kama walivyofundishwa. Nne. Tano.

Nimesimama, kalamu mkononi.

Saba.