Ua wa Minyaa Alioacha Feliksi

Bangwe,
Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Eufrasia,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo wewe? Shemeji Crispin hajambo? Na Bariki, nasikia siku hizi anatembea na kuvunja vikombe. Huku tu wazima. Mama mkwe magoti yanamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa. Mimi nakula, nalala, naamka.

Nimesikia maneno yaliyokufikia huko Nachingwea, wewe ambaye hukuweza kufika mazikoni, kwamba kaka yako alizikwa, mkewe hakudondosha hata chozi. Wifi, ni kweli. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, mimi ningenyamaza, na ungezidi kuniona mbaya.

Unalikumbuka bafu letu la nyuma, lile la mabati mafupi, na njia ya kwenda ziwani inayopita ubavuni mwake? Mtu unaoga huku unaitikia salamu za akina mama wa dagaa. Kaka yako Feliksi alichoka. Akaenda kukata matawi ya mnyaa ya kupanda ua, akayalaza kivulini nyuma ya jiko ili maziwa yake yakauke kwanza, maana ukiyapanda mabichi yanaoza. Alifariki yakiwa bado yamelala pale.

Matangani, ndugu waliotoka Kagunga waliishiwa kuni. Wakayaona matawi, wakayatia motoni bila kuuliza. Wifi, moshi wa mnyaa si mchezo! Watu wazima walitoka machozi na kamasi, hata wacheza karata. Ukaingia mpaka ndani tulipokaa wanawake. Macho yaliniwaka, chozi halikuja. Mama mkwe akanitazama, akasema mbele ya wote, "Weye Edina, hata moshi umeshindwa kukuliza?" Neno hilo ndilo lililosafiri hadi kwako.

Moyo umeniingia ganzi, sijui nikueleze vipi. Nilimpenda kaka yako. Hadi leo nasonga ugali wa watu wawili, nauangalia, naufunika.

Matawi yaliyonusurika niliyapanda mwenyewe mwaka jana, baada ya matanga. Mnyaa hautaki makuu: unashindilia matawi yakaribiane, maji kidogo, mbuzi hawaugusi. Sasa umenifika begani, na kiangazi hiki ni kijani vilevile. Juzi niliukata vichwa ili utanuke pembeni, nikanawa mikono sana kwa sababu utomvu wake ni hatari kwa macho. Siku hizi naoga bila kusalimiwa na mtu. Pamekuwa kimya mno.

Limebaki pengo moja, mahali pa yale matawi yaliyoungua. Majirani wananiambia nilizibe, nami sitaki. Shule unayofundisha ikifungwa Desemba, njoo. Ukinijulisha mapema nitakata matawi, utayakuta yamekwisha kukauka. Pengo hilo ulizibe wewe, kwa ajili ya kaka yako. Kama bado una kinyongo na mimi, njoo nacho hivyohivyo.

Msalimie sana shemeji Crispin, na umbusu Bariki kwa niaba ya shangazi... aa, mimi ni mkewe mjomba, mbusu tu. Mama mkwe na jirani yetu Domitila wanawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ukija, tutasimama wawili nyuma ya ua, hakuna atakayetuona. Ulie wewe kwanza, wifi. Mimi nitakushika mkono, huenda nikafuata.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Edina