Unatembea Mbele Mno, Baba Imani

Baba Imani,

Barua hii naiandika wazi, kila mtu asome, kwa kuwa kaka yako wa Louisville ameshawapigia watu simu kuwaambia nimekataa kumfuata mume wangu Columbus. Haya, wasikie na upande wangu.

Mimi nakujua kisogo kuliko uso. Tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, tukienda kanisani wewe uko mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Nikadhani tukifika Marekani utapunguza mwendo. Wapi! Hata hapa Buffalo, mtaani kwetu Riverside, tukienda dukani, unakuwa umeshaingia ndani kabla sijafunga mlango wa gari. Nikilalamika unasema ndivyo baba yako alivyotembea. Baba yako alitangulia kuangalia kama kuna nyoka njiani. Dukani kuna nyoka gani?

Unakumbuka Saigon, kule Vietnam? Bibi Hoa, tuliyefanya naye kazi kwenye ghala kule Cheektowaga, alitualika harusi ya binti yake huko kwao, tukawaacha watoto kwa jirani tukaenda. Siku ya pili ukasema tuzunguke mjini. Ulizunguka wewe. Mimi nilikuwa nafukuzana na shati lako la kitenge katikati ya beseni za samaki, mafundi pikipiki waliokaa njiani na wamama wanaochoma nyama kwenye vijiti, hata nafasi ya kusimama nikaangalia kitu sina. Mara shati likapotea.

Sikukutafuta. Nilikuwa nimechoka. Nikakaa kwenye kigoda cha plastiki kwa mama mmoja muuza supu ya tambi, nikala, nikaongeza pilipili, nikala tena. Ulipotokea umelowa jasho, ukanifokea eti nimepotea. Mimi niliyekaa palepale! Yule mama hakujua neno letu hata moja, lakini alicheka mpaka akajishika mbavu.

Halafu ikaja ile barabara. Pikipiki zinamiminika kama siafu, na hakuna anayesimama. Ukaweka mguu, ukarudisha. Ukaweka tena, ukarudisha. Mwanamume wa kutangulia, umekwama. Yule mama akaacha supu yake, akachukua mkono wako akauweka kwenye wangu, akatuonyesha kwa ishara: polepole, pamoja, msikimbie, msirudi nyuma. Tukavuka, pikipiki zikitupita huku na huku. Hata tulipofika ng'ambo hukuniachia mkono. Tulitembea hivyo mpaka jioni, tunakula maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Kwenye njia panda moja ukasimama, ukaniangalia, ukasema:

"Mama Imani, tupite wapi?"

Miaka yote ya ndoa yetu hukuwahi kuniuliza hivyo. Nikachagua kushoto. Kushoto hakukuwa na kitu, ukuta tu na mbwa amelala, na hukulalamika. Nilifurahi siku ile mpaka nikaogopa.

Tulipotua Buffalo ukabeba masanduku, ukatangulia kwenye gari.

Na sasa umetangulia Columbus. Umepata kazi huko, umepanga nyumba mtaa wa Linden, umeshalipa, ndipo ukanipigia: "Fungasheni, mje." Imani akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama kuna mtu aliyefikiria shule yake. Na wazee ninaowatunza kazini je? Na kwaya? Hata kuniuliza kama Linden naitaka, hukuniuliza. Unanichosha, Baba Imani. Nakupenda, kitanda kimekuwa kikubwa, nakupikia chakula kwa mazoea halafu nakila mwenyewe, na bado unanichosha.

Kaka yako anasema mke hufuata. Mwambie nimefuata tangu Kigoma, na miguu ni yangu.

Jana mwenye nyumba alikuja. Nimesaini mkataba wa mwaka mwingine hapa Riverside, kwa jina langu, mimi na watoto. Sikukuuliza kwanza. Nakuarifu tu, kama ulivyoniarifu.

Watoto wanakusalimu. Uvae vizuri, huko nako kuna baridi.

Ni mimi mkeo,
Mama Imani